Dar hadi Matema na watoto, likizo ya Juni: Ngosi, Tukuyu, Kyela na matunda ya njiani

MamaSegerea

Habari zenu wana jukwaa, na shikamooni wakubwa.

Nimerudi Dar juzi, matope ya Ngosi, lile ziwa la kreta lililo juu mlimani, bado yamegandana kwenye viatu vya watoto. Nilipokuwa najiandaa na safari hii nilitafuta sana maelezo ya mtu aliyekwenda na familia kwa gari lake mwenyewe, nikapata vipande vipande tu. Kwa hiyo naweka yangu yote hapa, na wenye kuijua njia hii kuliko mimi waongeze na kusahihisha.

Tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, binti wa miaka 14 na mdogo wake wa miaka 9. Gari ni Toyota IST. Kutoka Dar hadi Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ni karibu kilomita 1,000, na hatukutaka kukimbia. Usiku wa kwanza tulilala Iringa. Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu, Kitonga tukapanda polepole nyuma ya malori, Ilula tukachukua tenga dogo la nyanya. Mikumi nendeni taratibu kama vibao vinavyosema. Kilomita zile 50 ndani ya hifadhi zina faini kwa anayegonga mnyama, na twiga hawana habari na haraka yako.

Siku ya pili alasiri tulifika Uyole, pale Mbeya inapoanzia barabara ya Kyela, na kwangu safari yenyewe ilianzia hapo. Tangu utoto nimeisikia Mbeya ikitajwa kama mahali pa kupita: malori ya Tunduma, mabasi ya Kyela, mizigo ya Zambia na Malawi. Watu wanapita. Sisi tulikwenda kusimama, na tuliposimama nikaona jambo ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu: barabara ya Uyole hadi ziwani unaweza kuisoma kwa kinachouzwa pembeni yake.

Ukiiacha Uyole unapanda. Isongole uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi inaingia hadi kwenye mifupa, na meza za akina mama zina viazi mviringo, kabichi, karoti na matunda damu. Ukianza kushuka kuelekea Kiwira, viazi vinapungua na migomba inasogea mpaka karibu na lami. Tukuyu ni chai, ndizi na maparachichi. Ukipita Tukuyu hewa inabadilika ndani ya nusu saa, watoto wanavua masweta, kahawa inaonekana, kisha kakao chini ya vivuli, michikichi, michungwa, mpaka unafika kwenye mashamba ya mpunga ya Kyela ukiwa kwenye mita 500 hivi. Asubuhi ulikuwa na koti, mchana unatafuta upepo. Binti yangu alikuwa anaandika kwenye daftari kila tunda tulilolikuta na mahali tulipolikuta. Nilipolisoma lile daftari usiku nikaona ni ramani kabisa.

Tulilala Tukuyu siku tatu. Juni huku ni kipupwe, usije na nguo za Kigamboni. Mvua Rungwe haina likizo, hata kiangazi inanyesha manyunyu.

Ngosi. Hapa nieleze kwa kirefu kwa sababu ndipo tulipokosea. Mjini kuna kijana alitufuata akasema yeye ndiye mwongozaji, tukamlipa. Kufika kwenye msitu tukaambiwa kiingilio hulipwa kwa wenye hifadhi, TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na unapewa risiti ya serikali, na waongozaji wapo hapo hapo kijijini. Tukalipa mara ya pili. Kosa la pili, kwa mabishano hayo tulianza kupanda karibu saa sita mchana. Barabara ya kuingia kutoka lami ni mbovu, IST tuliiacha kijijini tukatembea.

Msitu wenyewe siwezi kuusifia vya kutosha. Mianzi mirefu inayogongana juu, migomba ya porini, mimea ya jamii ya kangaga iliyo mirefu kama minazi michanga. Mwanzo ni mwinuko wa kawaida, lakini kipande cha mwisho ni mkali, unashika mizizi kwa mikono. Mwanangu wa miaka 9 aliteleza mara mbili, mwongozaji (mzee wa makamo, mpole, Mungu ambariki) akampa fimbo na kumwonyesha namna ya kukanyaga ubavu wa mguu. Tulifika ukingoni, kama mita 2,600 hivi. Hakuna kitu. Ukungu mweupe mtupu, kama mtu ametundika shuka mbele yako. Mume wangu akasema turudi. Mzee akasema, "Kaeni. Ziwa halijakwenda popote."

Tukakaa chini kwenye majani, tukala ndizi. Kama dakika arobaini. Kisha upepo ukabadilika, na ule ukungu haukupanda juu, ulichanika katikati. Chini kabisa, mbali kuliko nilivyotegemea, maji ya kijani yametulia ndani ya kuta za msitu. Watu husema lina umbo la ramani ya Afrika, na kweli pembe ile inalionyesha hivyo. Hakuna aliyezungumza. Baada ya dakika chache likafungwa tena.

Siku iliyofuata tulikwenda Daraja la Mungu, jiwe lililojiunga juu ya mto Kiwira, na Kijungu, pale maji yote ya mto yanapojibana kwenye shimo la mwamba na kuchemka kama chungu. Si kutembea kwingi. Washikeni watoto mikono, miamba inateleza.

Kisha ziwani. Kuna lami sasa: Kikusya unaiacha barabara ya Kyela mjini, unashika ya Ipinda hadi Matema. Njiani baada ya Ipinda tulisimama kuomba maji ya kujaza kwenye rejeta, na bibi mmoja mwenye nyumba akamwona binti yangu anaukodolea macho mti wa kakao. Matunda yameota kwenye shina, si kwenye matawi, ya njano, marefu kama kiganja na nusu. Bibi akachuma moja, akaligonga kwenye jiwe la mlangoni, likapasuka kati. Ndani mbegu zimepangana kama meno, zimefunikwa na nyama nyeupe yenye utelezi. Akampa na kumwambia, "Munya, usitafune." Ladha yake ni kati ya stafeli na ndimu. Mdogo wake hakusikia, akatafuna, akakuta rangi ya zambarau na uchungu uliomkunja uso mzima. Hapo ndipo walipoamini kwamba chokoleti hutoka kwenye kitu hiki, na kwamba kuna kazi kubwa kati ya mti na duka.

Matema tulikaa siku nne, watoto wakiogelea. Milima ya Livingstone inaanguka moja kwa moja majini, mchanga ni mweusi kidogo na msafi, na jioni ziwa linageuka rangi mara tatu kabla giza halijaingia. Tulikula mbasa wa kuchoma kwa wali wa Kyela kila siku na hatukuchoka. Jumamosi tulikwenda soko la vyungu la Lyulilo, na siku ya mwisho tulipanda mtumbwi hadi Ikombe kwa Wakisi wanaofinyanga vyungu hivyo, tukarudi kwa miguu kwenye njia ya ufukoni.

Nitajibu maswali nikiwa na nafasi.

Mwana_wa_Lwangwa

Dada, ndaga fijo (asante sana) kwa uzi huu. Umeandika kwetu kwa heshima.

Niongeze moja kuhusu Rungwe. Ulipokuwa Tukuyu ulikuwa chini ya Mlima Rungwe wenyewe, karibu mita 2,960, na msitu wake una nyani asiyepatikana nchi nyingine yoyote duniani: kipunji. Watafiti walimwona mwaka 2003 baada ya kufuatilia maneno ya wawindaji wa kwetu, na dunia ikatangaziwa mwaka 2005. Sisi jina lake tulikuwa nalo siku zote. Mwenye miguu yenye nguvu apande Rungwe, lakini ni siku nzima, kuanzia alfajiri, na si kwa mtoto wa miaka 9. Kumwona kipunji ni bahati, wapo juu sana kwenye miti na ni wachache.

Dereva_Mkongwe

Shukrani kwa uzi, lakini naomba tuongee ukweli kuhusu gari dogo. Njia hii nimeiendesha miaka mingi. IST inafika, sawa. Ila kutoka Isongole kushuka Kiwira, na kutoka Tukuyu kushuka Ushirika, mtu asiyejua mteremko anaweza kumaliza breki. Usishuke kwa kukanyaga breki muda wote. Shusha gia, acha injini ikushike. Ukisikia harufu ya kuungua, simama, uache ipoe, usimwagie maji. Na ukungu wa Isongole si mchezo, ukiingia saa kumi na mbili jioni huoni taa za lori mpaka limekufikia. Bora ulale Mbeya upande asubuhi.

MamaSegerea

Dereva_Mkongwe, umesema kweli kabisa kaka. Sisi tulipita Isongole jioni na ilikuwa dakika ishirini za kuomba Mungu. Anayekuja nyuma yetu alale Uyole au Mbeya mjini. Nimekosea kutolisema hilo juu.

Kyela_Kwetu

Karibuni sana Kyela. Nifafanue kuhusu kokoa, maana sisi ndivyo tunavyoiita.

Yule bibi amewafanyia ukarimu wa kweli, kula tunda moja hakuna ubaya. Lakini wasafiri nawaomba: msinunue kokoa mbichi kwa vijana wanaowasimamisha njiani. Huku kuna kitu kinaitwa njemke, kokoa mbichi kuuzwa kwa walanguzi kwa bei ya kutupa, na mara nyingine imeibwa shambani usiku. Mkulima anayefuata utaratibu anazifunika mbegu kwa majani ya mgomba kwa siku tano hadi saba zichachuke, ananikwa juani mpaka zikauke, kisha anapeleka chama cha ushirika ziuzwe kwa mnada. Hiyo nyama nyeupe mliyoimunya ndiyo inayochachuka na kuzipa mbegu ladha. Bila siku zile za chini ya majani hakuna chokoleti.

Mkitaka tunda la kununua kwa wingi Juni na Julai, chukueni machungwa. Ya Kyela ngozi yake inabaki kijani hata yakiiva, watu wa Dar wanayakataa kwa macho halafu wanayalilia kwa ulimi. Maembe rudini Desemba. Na mchele ununueni hapa hapa mashineni, muone unakobolewa. Mwingi unaouzwa mijini kwa jina la Kyela haujawahi kuiona Kyela.

MamaSegerea

Kyela_Kwetu, asante sana. Unasema "ananikwa juani", nadhani ulikuwa unamaanisha anazianika, lakini nimeelewa vizuri. Machungwa tulibeba gunia dogo, nusu liliishia Iringa.

Kyela_Kwetu

Ndiyo dada, anazianika. Naandikia simu shambani.

Nesi_Jioni

Safari nzuri, na picha ya watoto wakiogelea niliyoijenga kichwani imenifurahisha. Ila nina neno kama mtu wa afya.

Ziwa Nyasa lina kichocho. Hatari iko zaidi kwenye maji yaliyotulia yenye majani, kwenye midomo ya mito na mahali watu wanapofulia, kwa sababu ndiko konokono wanaobeba wadudu wake wanakoishi. Ufuko wa wazi wenye mawimbi una nafuu lakini si kinga. Aliyeogelea asingoje kuumwa. Mpeleke kituo cha afya apimwe, na dawa ya prazikwanteli hufanya kazi vizuri wadudu wakiwa wamekomaa, kwa hiyo wiki sita hadi nane baada ya kugusa maji ndiyo wakati wake. Mwambie daktari tarehe mliyoingia ziwani.

La pili, mkitoka baridi ya Tukuyu mnasahau malaria. Kyela na Matema ni joto na maji, mbu wapo. Chandarua usiku, na homa yoyote ndani ya wiki za kurudi, pima.

La tatu, ulizeni wenyeji wapi pa kuogelea. Kwenye mdomo wa mto Lufilyo kuna mamba.

MamaSegerea

Dada Nesi, asante kwa moyo wote. Mamba tulionywa na wavuvi siku ya kwanza na tulikaa mbali na mto. Kichocho sikukijua kwa undani huu. Nimeshaandika tarehe kwenye kalenda ukutani, wiki ya saba tunakwenda kupimwa wote wanne.

Mkulima_Kiwira

Naomba niongelee maparachichi kwa sababu naona watu wanaharibu mzigo kila mwaka.

Parachichi haliivi mtini. Linakomaa mtini, linaivia chini. Kwa hiyo ukisimama barabarani Kiwira au Tukuyu na unarudi Dar, usichague yaliyolainika, hata kama muuzaji anakusifia. Chukua magumu yaliyokomaa, na hakikisha kila moja lina kikonyo chake. Likinyofoka kikonyo, kuoza kunaanzia hapo hapo. Usiyafunge kwenye mfuko wa nailoni. Yapange kwenye boksi au tenga, weka majani makavu ya mgomba katikati, na usiyaweke chini ya mizigo mingine. Ukifika nyumbani, yale unayotaka yaive haraka yaweke pamoja na ndizi mbivu. Mengine yaache mahali pa baridi.

Yale madogo yenye ngozi ya mikwaruzo yanayogeuka meusi yakiiva ni Hass, ndiyo yanayokwenda nje. Ya kienyeji ni makubwa, maji mengi kidogo, na kwa chai ya asubuhi mimi nachagua ya kienyeji. Wengine watanibishia.

Mwana_wa_Lwangwa

Nakubishia mjomba. Hass kwa ndizi ya kuchoma, halina mpinzani.

Mzee_wa_Masoko

Binti yangu, nimesoma maneno yako yote. Umefanya vyema kuwapeleka wajukuu.

Umepita Tukuyu ukashuka kwa lami, ukaliacha Masoko. Sikulaumu, barabara ya kwetu ya vumbi si ya gari dogo mvua ikinyesha. Lakini safari nyingine uje. Kuna ziwa la kreta la Kisiba, duara kama sahani, na juu ya ukingo wake jengo la mawe la Wajerumani lipo mpaka leo. Walikuwa na kambi yao hapo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wazee wetu walitusimulia kwamba walipoona wamezidiwa walitupa silaha na fedha zao majini. Mimi nilipokuwa mdogo tulikatazwa kuogelea humo, na hata leo napita nikiyaangalia maji yale kwa adabu.

Na Kaporogwe, maporomoko yaliyo kusini ya Tukuyu, unaweza kutembea hadi nyuma ya pazia la maji kwenye pango. Wajukuu wangefurahi.

MamaSegerea

Shikamoo mzee wangu. Nimeandika vyote viwili, Kisiba na Kaporogwe. Watoto wameshasomewa ujumbe wako na wamesema safari ijayo tuanzie kwako. Nakushukuru.

Kijana_Dodoma

Shikamoo mama. Sisi ni vijana watatu, hatuna gari, tutakwenda kwa basi mwishoni mwa Julai. Naomba kujua zaidi kuhusu ile njia ya Ikombe, ni ngumu kiasi gani? Na vyungu mnabebaje visivunjike?

MamaSegerea

Marahaba mwanangu.

Njia haipandi sana kwa wakati mmoja, lakini inapanda na kushuka kila mara kwenye ubavu wa mlima, ziwa likiwa chini ya miguu yako. Kuna mahali ni pembamba, na jua la mchana linapiga kwenye mawe. Nendeni asubuhi mapema, maji ya kutosha, viatu vyenye meno. Sisi tulikwenda kwa mtumbwi kwa sababu ya mdogo, tukatembea wakati wa kurudi akiwa ameshazoea.

Pale Ikombe, ombeni ruhusa kwanza kwa wenyewe kabla ya kusimama juu ya mtu anayefanya kazi. Tulimkuta mama mmoja amekaa chini, miguu ameinyoosha, mbele yake kuna kisahani cha udongo kilichochomwa, na juu yake chungu kinachozaliwa. Hakuna gurudumu. Mkono wa kushoto unakizungusha kile kisahani, wa kulia unapandisha ukuta, mwembamba mpaka unashangaa unavyosimama. Akimaliza anakisugua kwa kijiwe laini cha ziwani mpaka king'ae. Nilimuuliza kijiwe hicho amekipata wapi, akasema ni cha mama yake. Kimechakaa upande mmoja kufuata dole gumba.

Vyungu vyenyewe wanavifunga kwa majani makavu na vitenga vya mianzi, namna vinavyosafirishwa hadi Mbeya. Mwombe muuzaji akufungie yeye, usifunge mwenyewe. Kwenye basi kipakate. Nilivyobeba vinne vimefika vinne.

Dereva_Mkongwe

Kijana, mkiwa na basi mshuke Tukuyu, Ngosi mrudi nyuma kwa daladala za Mbeya hadi Isongole. Mwambie kondakta mapema. Na muanze kupanda saa mbili asubuhi, si saa sita.

MamaSegerea

Narudi kidogo. Mkulima_Kiwira, leo ni siku ya nane tangu turudi. Maparachichi tuliyobeba, yaliyokaa na ndizi, yameiva yote, hakuna hata moja lililooza kikonyoni. Binti yangu ameongeza kwenye daftari lake: "Segerea, Dar, parachichi la Kiwira."

Kijana_Dodoma

Mama na wakubwa wote, nipo ukingoni Ngosi. Tulianza saa mbili. Ukungu umefunga, hatuoni hata mti wa pili. Mwongozaji anatuuliza kama turudi.

MamaSegerea

Kaeni mwanangu. Kuleni ndizi.

Kijana_Dodoma

Tulikaa saa nzima. Sasa hivi limefunguka. Lote.